Blogspot ya bure, Blogspot yenye jina lako, au WordPress: ipi itakutoa mafichoni Google?

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa hapo, andika chanjo ya kuku uone."

Nikakaa, nikaandika. Matokeo yakaja ya kila namna: ya taasisi, ya maduka ya pembejeo, ya video, ya magazeti. Ya kwake haikuwemo ukurasa wa kwanza, haikuwemo wa pili, na wa tatu nani anaufungua? Mwalimu amestaafu, anafuga kuku Kibaha, na blogu yake ya Blogspot ina makala zaidi ya arobaini zilizojaa mambo ya mtu anayeamka saa kumi na moja alfajiri kufungua banda. "Fundi ameniambia Google haiipendi Blogspot," akasema. "Anataka anihamishie WordPress. Mwanangu, nimlipe au nisimlipe?"

Swali hilo nimeulizwa mara nyingi, na nimeshalijibu vibaya, likiwemo jibu nililojipa mwenyewe wakati nahama. Kwa hiyo hapa naziweka njia tatu pamoja na kuzipima kwa mizani moja tu, ya kuonekana kwenye injini tafuti. Urembo wa ukurasa, kuuza bidhaa, matangazo, hayo yana siku yake.

Imo, lakini haiitwi

Kabla ya kulinganisha chochote niliandika kwenye Google neno site: likifuatiwa na anwani ya blogu yake, bila kuacha nafasi katikati. Makala zake zikaanza kujipanga moja baada ya nyingine. Kumbe zimo. Google inazijua, imeshazisoma, imeziweka kwenye faharasa yake, ile orodha ya kurasa inayochagulia majibu.

Kutoonekana kuko kwa aina mbili, na watu huzichanganya. Aina ya kwanza, ukurasa haumo kabisa kwenye faharasa. Aina ya pili, umo lakini hauitwi, ama kwa sababu hakuna anayeuliza kwa maneno uliyoyatumia, ama kwa sababu wapo wanaojibu vizuri kuliko wewe. Ile ya kwanza mara nyingine inasababishwa na jukwaa unalotumia, au na kitu ulichobofya kwa bahati mbaya. Ya pili haitibiki kwa kuhama. Ni kama kuhamisha duka kutoka mtaa mmoja hadi mwingine huku kibao cha mlangoni bado kimeandikwa "Karibuni wote" bila kutaja unauza nini.

Ugonjwa wa Mwalimu ulikuwa huo wa pili. Makala yake nzuri kuliko zote, inayoeleza chanjo hatua kwa hatua, aliipa kichwa HABARI NJEMA KWA WAFUGAJI!!! Nitairudia.

Uvumi wa fundi

Kwamba Google inaichukia Blogspot si kweli. Wapo pia wanaosema kinyume chake, kwamba Google inaipendelea kwa kuwa ni mali yake. Nayo si kweli. Blogger, huduma yenyewe iliyo nyuma ya anwani za Blogspot, ilianzishwa mwaka 1999 na kampuni ndogo ya Marekani iitwayo Pyra Labs, na Google ikainunua mwaka 2003. Mwaka huohuo, mwezi Mei, ndipo toleo la kwanza la WordPress lilipotoka. Ni marika. Watanzania wa zama za blogu wanaikumbuka blogu ya Michuzi, iliyoanza mwaka 2005 kwenye Blogspot na kusomwa na Watanzania wengi, wa nyumbani na wa ughaibuni. Anwani haikumzuia.

Kinachowapoteza watu ni hesabu. WordPress inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani, hivyo lazima uikute kila unapotafuta. Ukiona barabarani Toyota ndizo nyingi, usidhani trafiki wanaipisha Toyota.

Njia ya kwanza: jinalako.blogspot.com

Hulipi kitu. Seva ni za Google, hazizimiki eti kwa sababu makala yako imesambaa ghafla kwenye magrupu ya WhatsApp. HTTPS, ile kufuli ya usalama kwenye anwani, ipo, na tangu 2014 Google imesema wazi kwamba hiyo ni alama ndogo inayohesabiwa. Ramani ya blogu inajitengeneza yenyewe kwenye sitemap.xml, wewe unaipeleka tu Search Console, zana ya bure ya Google kwa wenye tovuti. Kwenye mipangilio kuna sehemu ya kuwasha maelezo ya utafutaji. Ukiiwasha, kila makala inapata kisanduku cha herufi 150 cha kuandika ile mistari miwili inayotokea chini ya kichwa kwenye matokeo. Nimeona blogu za miaka kumi ambazo mwenyewe hajui kisanduku hicho kipo. Hata hivyo Google haikulazimika kuyatumia maelezo yako, mara nyingi inachomoa sentensi inayojibu swali la mtafutaji.

Tatizo la njia hii haliko leo, liko siku utakapotaka kuondoka. Anwani ya blogspot.com si yako, umeazimwa. Mimi nilianza hivyo. Miaka miwili nikaandika, makala kadhaa zikapanda, watu wakaziwekea viungo kutoka tovuti zao. Nikahamia WordPress yenye jina jipya, nikanakili kila kitu, nikashangaa mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu: Google inaendelea kuonyesha blogu ya zamani, ile mpya inaichukulia kama nakala. Nikakasirika, nikafuta za zamani. Kwa mkono wangu nikafuta sifa niliyoijenga miaka miwili.

Kitaalamu, kinachohamisha sifa kutoka anwani moja hadi nyingine ni agizo la seva liitwalo 301, linalomwambia kila anayebisha hodi kwamba mwenye nyumba amehama moja kwa moja na anapatikana pale. Seva za Blogspot si zako, hivyo huwezi kuziagiza zimpeleke mgeni kwenye WordPress yako. Uelekezaji uliomo kwenye mipangilio ya Blogger unafanya kazi ndani ya blogu hiyohiyo tu. Kuna ujanja wa kubandika msimbo wa kompyuta kwenye templeti, yaani kiolezo cha mwonekano wa blogu, wengine umewasaidia, lakini ni kuondoka kwa kupitia dirishani.

Njia ya pili: Blogspot ileile, jina lako

Hii ndiyo mafundi hawaitaji, labda kwa sababu haina kazi ya kulipisha. Unanunua jina la kikoa, domeini kama wengi wanavyosema, kisha unaliunganisha na Blogger. Kwa aliyekuuzia jina unaweka rekodi mbili za CNAME, yaani maelekezo ya jina liende wapi, moja ikielekea ghs.google.com na nyingine ya kuthibitisha kwamba jina ni lako, na ukitaka hata anayeandika bila www afike, unaongeza rekodi nne za A. Blogger inakupa HTTPS ya jina hilo bure.

Na lile agizo la 301 nililolililia, hapa Blogger inalitoa yenyewe. Kila anayefungua kiungo cha zamani cha blogspot.com anapelekwa ukurasa uleule kwenye jina jipya, na Google inafuata njia hiyohiyo. Siku utakapotaka WordPress, jina unaondoka nalo. Kuna ufundi mdogo hapo unaostahili kuandikwa ukutani: anwani za makala za Blogger zina mwaka, mwezi, jina la makala na .html mwishoni. WordPress inakuruhusu kupanga muundo wa anwani utakavyo, hivyo ukiupanga kuwa /%year%/%monthnum%/%postname%.html, viungo vingi vya zamani vitafunguka kama kwamba hakuna kilichohama. Vichache vitakataa, kwa sababu Blogger hukata majina marefu. Hivyo vipitie kimojakimoja.

.co.tz au .com? Google huichukulia .co.tz kama alama kwamba tovuti inawalenga walioko Tanzania, kama ilivyo .co.ke kwa Kenya. Ukiandika kuhusu chanjo zinazopatikana maduka ya mifugo ya hapa, hilo ni faida. Ukiandika mashairi au mapishi ambayo Mswahili wa Mombasa, Muscat na Minneapolis wote wanayahitaji, .com haikufungi popote. Majina ya .tz hununui kwa mamlaka inayoyasimamia, unanunua kwa mawakala wake. Soma bei ya kulipia tena mwaka wa pili kabla ya kufurahia ya mwaka wa kwanza.

Kasoro zinabaki zilezile za Blogger. Mwaka na mwezi kwenye anwani huwezi kuviondoa, hivyo makala ya 2019 uliyoihuisha jana bado inatembea na 2019 mgongoni. Anwani ya makala ukishaichapisha huibadilishi mpaka uirudishe kuwa rasimu. Ukichapisha kabla ya kuandika kichwa, inaitwa blog-post.html, jina ambalo halimwambii mtu kitu. Na kuna ile ?m=1 inayojiongeza mwishoni mwa anwani ukifungua kwa simu. Search Console ikiiona, itakuandikia kwamba kuna ukurasa mbadala au ukurasa unaoelekeza kwingine, na watu huingiwa na hofu, wanaanza kuchokonoa templeti. Iache. Blogger yenyewe imeshaieleza Google ipi ndiyo anwani halisi.

Njia ya tatu: WordPress kwenye seva ya kukodi

Kwanza tusichanganye. Kuna WordPress.com, huduma ya kampuni ya Automattic, ambayo mpango wake wa bure unakupa anwani ya kuazima kama Blogspot. Na kuna WordPress programu, unayoipakua bure WordPress.org na kuiweka kwenye seva uliyoikodi. Mafundi wakisema WordPress kwa kawaida wanamaanisha hii ya pili, nami hapa pia.

Nguvu yake ni kwamba unashika usukani. Anwani ya makala unaipanga ulivyotaka. Uelekezaji wa 301 unauweka popote. Kurasa za makundi ya makala, ambazo Blogger kwa kawaida yake huwafungia roboti, programu za injini tafuti zinazosoma tovuti, hapa unaweza kuzigeuza kuwa kurasa zenye utangulizi na mpangilio, nazo zikapanda zenyewe. Ramani ya tovuti imo ndani ya programu tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020. Plagini, yaani viongezo unavyopachika kwenye WordPress, kama Yoast SEO na Rank Math zinaongeza visanduku vya kichwa cha utafutaji, maelezo, na zile alama za siri zinazoieleza Google kwamba huu ni upishi, haya ni maswali na majibu. IndexNow, njia ya kuzijulisha Bing na Yandex papo hapo kwamba kuna makala mpya, ni plagini moja tu, Google haiitumii.

Lakini zile taa za kijani za Yoast zisikutie wazimu. Si za Google. Zimetengenezwa zikitazama lugha nyingine, na kwa Kiswahili zinalinganisha herufi kwa herufi: ukiweka "kuku anayetaga" kama neno kuu, kisha ukaandika "kuku wanaotaga" kama mtu mwenye akili timamu, plagini inakuambia neno lako halimo. Nimesoma makala za watu waliorudia "kuku anayetaga" mara kumi na tano ili taa iwe ya kijani. Hazisomeki. Na fundi akikuonyesha kisanduku cha kujaza maneno muhimu yaliyotenganishwa kwa mikato, mkumbushe kwamba Google ilitangaza mwaka 2009 kuwa haiyatumii kupanga matokeo.

Usukani una gharama yake. Rafiki yangu mmoja alijengewa tovuti nzuri, akaandika miezi miwili, Google kimya. Nilipoingia ndani, kwenye mipangilio ya kusoma, kile kisanduku cha kuziomba injini tafuti zisiorodheshe tovuti kilikuwa na alama ya vema. Fundi alikiwasha wakati wa ujenzi, akasahau kukizima. Hiyo ndiyo ile aina ya kwanza ya kutoonekana, na ukiwa na WordPress ndicho kitu cha kwanza kukagua. (Blogger nayo ina swichi ya namna hiyo kwenye faragha, ila sijawahi kuikuta imezimwa bila mwenyewe kujua.)

Mkasa wangu ni mbaya zaidi. Nilipakua templeti ya kulipia kutoka kwa mtu aliyeigawa bure, nikakaa miezi bila kusasisha plagini. Siku moja nikaandika site: na jina langu, nikaona vichwa vya makala kwa Kijapani, mamia, vinauza mikoba na viatu. Ukifungua tovuti yenyewe kila kitu kiko sawa; Kijapani kilikuwa kinaonyeshwa roboti wa Google peke yake. Udukuzi huo ni wa siku nyingi na unajulikana. Kuusafisha ilinichukua wiki, na kuiaminisha Google upya ikachukua muda mrefu kuliko huo. Kwenye Blogger hakuna seva ya mdukuzi kuingia, ingawa templeti za bure za mitandaoni huja na viungo vilivyofichwa chini ya ukurasa, na ukivifuta blogu inagoma kufunguka. Hizo pia zikimbie.

Kuhusu kasi, Google siku hizi inaisoma tovuti kwa jicho la simu. Oktoba 2023 ilitangaza kwamba imemaliza kuhamia huko. Vipimo vyake vinataka kitu kikubwa kuliko vyote kwenye skrini kionekane ndani ya sekunde 2.5, ukibofya ukurasa uitike ndani ya milisekunde 200, na maandishi yasirukeruke yakisubiri picha. Blogger yenye templeti ya kawaida huvifikia bila jasho. WordPress huvifikia ikiwa kwenye seva nzuri yenye kache, yaani inayohifadhi ukurasa ulio tayari badala ya kuujenga upya kila mara. Ikiwa kwenye seva ya bei ya karanga, imebebeshwa plagini ishirini na slaidi za picha juu, msomaji wa bando la siku anaondoka kabla kichwa hakijatokea. Hata hivyo Google yenyewe inasema kasi haimpandishi asiye na jibu. Na mara nyingi mkosaji si jukwaa, ni picha ya kuku ya MB 4 iliyotoka kwenye simu moja kwa moja. Ipunguze kwanza.

Kwa anayetaka kuona kwa jicho moja:

| | Blogspot ya bure | Blogspot na domeini | WordPress ya kukodi |
|---|---|---|---|
| Unalipa nini | hakuna | domeini kila mwaka | domeini, seva na muda wako |
| Anwani ya nani | ya kuazima | yako | yako |
| Ukihama | sifa inabaki nyuma | unaondoka nayo | unaondoka nayo |
| Anwani za makala | mwaka na mwezi, lazima | vilevile | unavyotaka |
| Ukiitelekeza mwaka mzima | inakusubiri | inakusubiri ukilipia jina | inaoza |

Ambacho hakuna jukwaa litakufanyia

Turudi kwa Mwalimu. Tulifungua Search Console, kwenye ripoti ya utendaji, inayoonyesha maneno halisi ambayo watu waliyaandika wakaoneshwa ukurasa wako, hata kama hawakuubofya. Inahifadhi miezi 16. Wengi wanaifungua siku ya kuthibitisha umiliki na hawarudi tena, wakati ndiyo dodoso la bure kuliko yote, hasa kwa Kiswahili. Zana za kulipia za kutafuta maneno zinakuandikia sifuri kwa maswali ambayo kila mfugaji anauliza, kwa sababu data zao za Kiswahili ni nyembamba.

Kwenye orodha ya Mwalimu, neno lililojirudia lilikuwa "kuku kuharisha kijani". Akacheka. "Huo si ni mdondo?" Ndiyo, ni mojawapo ya dalili zake, lakini mwenye kuku wanaokufa haandiki jina la ugonjwa asioujua, anaandika anachokiona chini ya banda. Kwenye blogu yake kinyesi cha kijani kilitajwa mara moja, katika aya ya tisa ya ile HABARI NJEMA. Google iliiona aya hiyo, ikaitupa mbali nyuma ya wengine.

Kuna la majina pia. Ugonjwa huohuo wengine wanauita mdondo, wengine kideri, na walioongea na bwana mifugo wanauita Newcastle. Mwalimu alikuwa ametumia mdondo peke yake kwa sababu kwao ndivyo unavyoitwa. Kuku wa Kuroiler mtu anamwandika kuroila, kuloila, kroila. Huhitaji kuandika ukurasa mmoja kwa kila tahajia, Google inajua mengi ya hayo. Lakini majina ya kweli ya kitu kimoja, ya bara na ya pwani, ya Tanzania na ya Kenya, yaweke mapema kwenye maandishi, kwa namna ambayo ungeongea.

Basi kichwa tukakibadilisha kikawa: "Chanjo ya mdondo (kideri) kwa kuku wa kienyeji: lini na namna ya kuweka". Kiko ndani ya herufi 70 na kidogo. Google hukata mkia wa kichwa kirefu, kwa hiyo neno zito lilitangulia. Aya ya kwanza, iliyokuwa salamu na shukrani kwa Mungu kwa mwaka mpya, ikashuka chini. Juu likakaa jibu: chanjo ya I-2 inawekwa tone moja jichoni, na inarudiwa kila baada ya miezi 3. Dalili ya kuharisha kijani ikapewa makala yake, yenye picha ya kinyesi chenyewe (Mwalimu aliipiga mwenyewe, mimi sikuitazama mara mbili), na kiungo cha kwenda kwenye chanjo. Anwani ya zamani, habari-njema-kwa-wafugaji.html, tuliiacha ilivyo. Ukurasa ulishajulikana kwa anwani hiyo, na kichwa kina uzito kuliko maneno ya kwenye anwani.

Kujua watu wanauliza nini kabla hujapata data yako, andika mwanzo wa swali kwenye Google kisha usibonyeze: "dawa ya kuku", "jinsi ya kulea vifaranga", "bei ya kuku". Mapendekezo yanayoshuka ni maswali ya watu.

Viungo kutoka tovuti nyingine bado vina uzito, tangu enzi za Page na Brin, waanzilishi wa Google. Kushirikisha kiungo kwenye grupu la WhatsApp kunaleta wasomaji, lakini roboti wa Google hayumo kwenye grupu lenu. Viungo vya kununua ni kinyume cha kanuni za Google. Na anayekuahidi nafasi ya kwanza kwa shilingi kadhaa, Google imeshaandika kwamba hakuna awezaye kuidhamini.

Nani achukue ipi

Kama unajaribu tu, hujui hata kama utaandika makala ya kumi, Blogspot ya bure inatosha, lakini usivuke mwaka. Makala zikianza kutembelewa, nunua jina siku hiyohiyo. Kila mwezi unaochelewa unajenga kwenye kiwanja cha mwenzio.

Kama unaandika peke yako, huna fundi wa kudumu na hutaki kuwa fundi, njia ya pili, bila kusita. Najua wanaodharau Blogger, nami nilikuwa mmoja wao. Wanataja kwamba Google huua huduma zake, na kweli iliiua Google Reader mwaka 2013 na Google+ mwaka 2019. Hofu hiyo dawa yake ni jina lako mwenyewe na nakala ya blogu unayoipakua kwenye mipangilio kila mwezi.

WordPress ichukue ukiwa na waandishi zaidi ya mmoja, au makala mia kadhaa zinazohitaji kupangwa kwa makundi, au lugha mbili, au duka, na, hili ndilo la kuamua, ukiwa na mtu anayejibu simu usiku tovuti ikizimika. Mtu huyo anaweza kuwa wewe. Lakini awepo.

Fundi wa Mwalimu hakulipwa kuhamisha. Alilipwa kuweka zile rekodi za CNAME na A za jina jipya la .co.tz, akamaliza kabla chai haijapoa. Baada ya hapo tukakaa na orodha ya makala arobaini, tukibadilisha vichwa kimoja baada ya kingine, mpaka tulipofika kwenye hadithi ya jogoo wake mzee, yenye kichwa cha neno moja: MFALME. Nikaanza kuandika "Jogoo wa kienyeji anaishi miaka mingapi". Akaushika mkono wangu.

"Hiyo acha," akasema. "Hiyo sikumwandikia Google."